Udhuru wa Bwana Katibu

Ntinda, Kampala
12 Agosti 1974

Kwako pacha wangu Rosalba Apiyo,

Pokea salamu zetu, mimi, Joska mke wangu na watoto. Binti yako Concy ananisimamia begani akitaka niandike kwamba anakula vizuri. Ni kweli, anakula kama mchwa, ila uzito hauongezeki. Sukari hatuna, sabuni ni ya magendo, lakini uhai tunao. Shemeji anaendeleaje na reli yake? Huko Nakuru baridi imepungua?

Najua utacheka kuona nimeandika Kiswahili. Usicheke. Tumelelewa kambini, baba askari, Kiswahili tulikinywa na uji. Tena siku hizi barua ya Kiacholi inakaa sana posta. Ya Kiswahili kila mtu anaweza kuisoma, kwa hiyo inafika.

Sasa habari yenyewe. Chama chetu cha jimnastiki kimepata mwenyekiti mpya, Meja wa jeshi, na mimi, Katibu, nimeisikia habari hiyo redioni nikinyoa ndevu. Nusura nijikate shingo! Unajua tulivyokijenga chama hiki. Mwalimu Noronha, yule Mgoa, alianza mwaka wa uhuru na magodoro ya kuombaomba na farasi mmoja wa mbao wa kurukia. Kabla hatujapiga hata kichwangomba kimoja, alitukalisha chini tukaandika katiba. Alipofukuzwa nchini mwaka juzi pamoja na Waasia wenzake, alinikabidhi ufunguo wa stoo akasema, "Ocen, katiba ni godoro. Thamani yake huijui mpaka uanguke." Na katiba inasema mwenyekiti anachaguliwa na wanachama. Huyu Meja amechaguliwa na redio.

Alikuja mkutanoni na walinzi wake, akaweka bastola juu ya ajenda. Sikuamini macho yangu. Akauliza, "Nani iko bingwa hapa?" Tukatazamana. Bingwa ni Concy, naye alikuwa nje na wasichana wenzake, lakini ulimi ulinikwama, sijui kwa nini. Meja akasema, "Basi bingwa ni mimi. Wewe, andika." Nikaandika, Rosalba. Mtu asiyeweza kuinama akafunga viatu vyake mwenyewe sasa ni bingwa wa taifa wa jimnastiki.

Anataka tarehe 25 Januari, siku ya sherehe za mapinduzi, tujenge mnara wa watu uwanjani: wenye nguvu chini, wepesi juu, Concy kileleni na bendera. Nguzo ya katikati ni Okeny, yule polisi mwenye mgongo kama mlango, aliyecheza sana kwenye harusi yangu. Yeye ni mjumbe wa kamati pia.

Usiwe na wasiwasi. Mkutano ujao nitaleta hoja ya kikatiba.

Ni mimi pacha wako mdogo,
Ocen

*

Nakuru
2 Septemba 1974

Bwana Katibu,

Salamu zako zimefika, na sisi tunazirudisha na riba. Shemeji yako ana kikohozi cha moshi wa garimoshi ila anakataa dawa, wanaume nyinyi mna nini? Mahindi yangu yamekubali. Nimemtengea Concy hindi kubwa kuliko yote, na nataka aje alile mwenyewe.

Ocen, nimeisoma barua yako nimesimama, nikatafuta kiti. Bastola juu ya ajenda! Na wewe bado unazungumza habari ya hoja? Hoja gani inayopita mbele ya bastola? Mimi nilikutangulia duniani kwa muda wa kuchemsha chai tu, lakini naona akili zote nilizibeba mimi.

Nilikupa binti yangu kwa sababu ulisema ana kipaji na huku hakuna wa kumfundisha. Nikasema sawa, kwa mjomba ni kwao. Sikukipa chama. Sikumpa Meja. Nijibu swali moja tu, bila kanuni wala kifungu: huyo Meja anamtazamaje Concy?

Na wewe bwana unayefungua barua hii kabla ya ndugu yangu, nakusalimu pia. Hujambo? Watoto wako hawajambo? Ifunge vizuri ukimaliza.

Apiyo

*

Ntinda, Kampala
27 Oktoba 1974

Dada mpendwa,

Nisamehe kuchelewa. Sote hatujambo. Mtoto wa mwisho ameota jino. Hortense, yule mama Mkongo wa Kabalagala anayeshona sare za timu, anakusalimu sana. Biashara yake ya vitenge inamfikisha hadi Nakuru, huenda mkaonana.

Nakuomba kwa heshima usimsalimie tena msomaji wa posta.

Okeny hakuja mkutanoni mwezi wa tisa. Hakuja tena mwezi huu. Unajua utaratibu wetu: mjumbe asipohudhuria naandika, "Hakuhudhuria, hakutoa udhuru." Akikosa mikutano mitatu namna hiyo, jina linafutwa. Ila Noronha alikuwa mtu wa huruma, akaongeza kwamba jamaa wa mjumbe anaweza kutoa udhuru kwa niaba yake, hata kama mkutano umepita. "Udhuru ukichelewa bado ni udhuru," alikuwa akisema. Kwa hiyo baada ya ule mkutano wa mwezi wa tisa nilifanya kama ninavyofanya siku zote. Nilimwandikia Okeny barua ya kumkumbusha, kwa mhuri wa chama, kwamba amebakiza mikutano miwili, na kwamba chama kinasikitishwa na uzembe wake.

Mkewe Akwero aliileta barua ile mkutanoni mwezi huu. Aliingia bila kubisha, akaiweka mbele yangu, ikiwa imekunjuliwa. Akasema, "Katibu, nimeleta udhuru. Mume wangu alitolewa kazini na watu wa miwani myeusi, wakamtia kwenye buti ya gari lisilo na namba. Nimemtafuta kila kituo. Nimemtafuta chumba cha maiti. Sasa wewe unaniandikia uzembe?"

Dada, natamani ardhi ingenimeza. Mimi nilifikiri ana homa! Mtu mmoja mwenye nguvu zile, anabebwa mchana kweupe, na mimi napiga mhuri. Mwenyekiti akamwambia Akwero, "Hiyo si udhuru. Toka." Halafu akanigeukia akasema tuendelee na ajenda inayofuata. Na tukaendelea. Tulizungumza habari ya rangi ya bukta.

Nafasi ya Okeny kwenye mnara imechukuliwa na askari wa Meja. Wawili wengine wa safu ya chini, Waacholi kama sisi, nao hawaonekani. Mnara mzima sasa umekaa juu ya migongo ya watu wasiojua kusimama.

Concy ni mzima. Mwenyekiti amempa viatu vyekundu vya kisigino kirefu. Anasema chama kitasafiri.

Ocen

*

Nakuru
6 Novemba 1974

Ocen,

Leo hakuna habari za mahindi.

Viatu vya nini? Mchezaji wa jimnastiki anacheza peku! Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo, ulinikemea mbele za watu kwa kukanyaga magodoro yako na kandambili. Mtoto wa miaka kumi na sita anapewa viatu vya kisigino na mwanaume mwenye bastola, na wewe unaniandikia mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa? Mungu wangu! Shemeji yako amenishikia karatasi nisije nikaichana.

Pole nyingi kwa Akwero. Mpelekee unga, usimpelekee barua.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Wewe ni mjomba wake. Kwetu mjomba ndiye anayesimama mlangoni. Mtoe huko. Usiniambie pasi za kusafiria za timu zote ziko kwa mwenyekiti, Concy keshaniandikia hilo na nililia. Usiniambie kanuni. Ulisema katiba ni godoro. Haya, mbona nyote mmeanguka na sijasikia mtu akisema hakuumia?

Wahenga hawakukosea: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na mkuu hapa ni mimi.

Apiyo

*

Ntinda, Kampala
9 Januari 1975

Kwa Bibi Rosalba Apiyo,

Salamu. Hapa hali ni njema na mazoezi ya sherehe yanaendelea vizuri.

Nasikitika kukuarifu kwamba juzi, mbele ya Mheshimiwa Mwenyekiti, binti yako Concy alianguka kutoka kilele cha mnara. Mguu wa kulia umevunjika. Amefungwa plasta kuanzia paja hadi kwenye vidole. Hatacheza tena. Kwa mujibu wa kanuni, mchezaji aliyevunjika anarudishwa kwa mzazi, na Mwenyekiti ametia sahihi mwenyewe na kutoa pasi yake.

Hortense atamleta kwa garimoshi la wiki ijayo. Uwe na mkasi imara, ule wako wa kukatia turubai.

Uliniandikia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimesikia.

Ocen, Katibu

*

Nakuru
19 Januari 1975

Ocen, pacha wangu, mwizi wewe, mwongo wewe, Mungu akubariki!

Barua hii haipiti posta. Hortense anarudi nayo mwenyewe, ataishonea ndani ya upindo wa kitenge chake, kwa hiyo leo nasema yote.

Ilipofika barua yako nilianguka. Sisemi kwa mfano, nilianguka jikoni, chai ikanimwagikia. Nilikulaani, Ocen. Nilisema nimempa ndugu yangu mtoto mzima ananirudishia kilema, na kwa maneno ya ofisi! Siku zote mpaka garimoshi lilipofika sikula kitu. Pale stesheni shemeji yako na wapagazi walimshusha Concy kama kabati, mguu mbele. Nikaanza kupiga mayowe. Na yeye, mtoto huyu asiye na adabu, ananinong'oneza, "Mama, nyamaza kidogo, umeleta mkasi?"

Tulimlaza sebuleni, tukafunga madirisha. Nimekata plasta ile mpaka kiganja kimetoka malengelenge. Na ndani, Ocen! Mguu. Mguu mzima, umekunjamana kwa unyevu, lakini mzima. Akasimama. Akapiga kichwangomba katikati ya viti vyangu, akavunja glasi, na mimi nikakaa chini nikalia kuliko nilivyolia kwa huzuni.

Amenieleza yote. Kwamba plasta ni ya yule jirani wa Hortense anayefinyanga sanamu za watakatifu, na ulimfunga wewe mwenyewe, kwenye beseni la kuogea watoto. Kwamba kwa wiki nyingi mlipokuwa mkisema mnafanya mazoezi ya kusimama, mlikuwa mkifanya mazoezi ya kuanguka. Ananiambia siku ile alisubiri askari mmoja wa chini atikisike, wala hakusubiri sana, akajiachia kutoka juu kabisa mbele ya macho ya Meja, akapiga ukelele hata wewe uliyejua ukashtuka. Mtoto wangu! Angekosea kidogo tu angevunjika shingo kweli.

Na ameniambia Meja alivyosema. Alimsogelea, akamgusa kwa ncha ya kiatu, akasema, "Hii imeharibika. Leta ingine."

Leta ingine. Nimelirudia neno hilo usiku na mchana, siliamini. Kwa hiyo kuna mwingine? Mtoto wa nani?

Ocen, umemaliza kazi yako. Hakuna chama tena hapo. Njoo. Mchukue Joska na watoto mje, nyumba ni ndogo lakini tutabanana. Viatu vile vyekundu nimevitia motoni, vimenuka vibaya sana.

Apiyo wako

*

Ntinda, Kampala
23 Februari 1975

Apiyo,

Joska ndiye anayekupa barua hii mkononi. Wapokee, yeye na watoto. Pasi ya Joska anayo mwenyewe, ila yangu iko kwa mwenyekiti pamoja na za viongozi wote. Nitafuata kabla ya Pasaka kwa njia nyingine, Hortense anazijua. Mtoto wa mwisho anapenda kulala na taa, mvumilie.

Uliuliza mtoto wa nani. Hakuna. Niliwazungukia wazazi wa wasichana wote, nyumba kwa nyumba, nikawaambia magodoro yameoza na yanaambukiza upele. Hakuna hata mmoja aliyerudi. Tarehe 25 Januari mnara haukujengwa. Askari walitembea kwa gwaride, watu wakapiga makofi, na Mwenyekiti hakunisemesha. Nilijua hajasahau.

Juzi aliitisha mkutano. Ajenda ilikuwa moja, kufuta jina la Okeny. Mikutano mitatu imetimia zamani, alisema, andika. Apiyo, niliishika kalamu. Niliandika "Okeny", nikaandika "hakuhudhuria", na hapo Akwero akaingia. Anakuja kila mkutano, nadhani sikukuambia. Kila mara anasema maneno yale yale, kila mara anatolewa nje, na mimi kila mara nilikuwa nikitazama meza. Safari hii alisimama tu mlangoni. Alikuwa amechoka.

Nikamwambia, "Mama, toa udhuru wako, nasikiliza." Wajumbe wote wakainua vichwa wakanitazama kana kwamba nimevua nguo.

Akausema. Nikauandika neno kwa neno, kisha nikasoma kwa sauti kama utaratibu unavyotaka: "Udhuru umepokelewa kutoka kwa mkewe. Okeny alitolewa kazini na watu wa miwani myeusi, akatiwa kwenye buti ya gari lisilo na namba, hajarudi. Kwa hiyo jina lake halifutwi."

Mwenyekiti alicheka, Apiyo. Alicheka, akaniwekea mkono begani, akasema, "Wewe Katibu mzuri sana. Kweli, mzuri sana." Mkono wake ulikuwa wa moto. Bado nausikia hapo alipouweka.

Naogopa. Sijawahi kukuandikia neno hilo, hata tulipokuwa wadogo nilikuwa nasema ni baridi. Lakini nimelala vizuri tangu siku ile, na Akwero amenishukuru, na mimi sikujua nilivyokuwa nikilihitaji hilo.

Mwambie Concy magoti yawe pamoja anapotua. Ana tabia ya kuyaachanisha.

Ocen

*

CHAMA CHA JIMNASTIKI
Kampala, 30 Mei 1975

Kwa Bibi Rosalba Apiyo, jamaa wa karibu wa aliyekuwa Katibu.

Tunakuarifu kwamba Bw. Ocen hakuhudhuria mikutano ya Machi, Aprili na Mei, na hakutoa udhuru. Kwa mujibu wa kanuni jina lake limefutwa. Ikiwa ufunguo wa stoo ya magodoro uko kwenu, tafadhali urudisheni.

Kaimu Katibu

*

Nakuru
9 Juni 1975

Kwa Kaimu Katibu,

Salamu kwako na kwa wajumbe waliobaki. Hapa nyumbani tuko wengi: mimi, mume wangu, Joska mke wa Ocen, watoto wao, na binti yangu Concy, ambaye ana miguu miwili mizima, mwambie Meja. Mtoto mdogo bado analala na taa. Pasaka tulipika chakula tukaweka sahani ya Ocen, tukangoja hadi kikapoa, tukakila baridi.

Barua yako ilipofika nilifikiri nimesoma vibaya, nikampa Concy asome. Akasoma kwa sauti hadi kwenye neno "udhuru", akashindwa. Joska aliinuka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Sikujua kwamba mtu anaweza kuambiwa jambo kama hili na mhuri chini yake.

Hortense ametuambia gari lisilo na namba lilivyomjia Ocen kwenye shule anayofundisha pale Ntinda, na watu waliotazama madirishani. Kwa hiyo wewe unajua, na mimi najua, na wajumbe wanajua. Mnachokosa ni mtu wa kukisema mkutanoni. Basi nakisema mimi. Mimi ni pacha wake, na kwetu pacha mmoja akiitwa, mwingine anaweza kuitika.

Natoa udhuru kwa niaba ya ndugu yangu Ocen. Hakuhudhuria mkutano wa Machi kwa sababu mmemchukua. Hakuhudhuria wa Aprili kwa sababu mmemchukua. Hakuhudhuria wa Mei kwa sababu mmemchukua. Najua udhuru huu umechelewa. Someni katiba yenu: udhuru ukichelewa bado ni udhuru. Andikeni umepokelewa, na msome kwa sauti.

Kwa hiyo hamna mikutano mitatu. Hamna hata mmoja. Ocen bado ni Katibu, na wewe ni kaimu tu.

Ufunguo Joska alikuja nao, siurudishi. Na mkutano wa Juni nitaleta udhuru mwingine, na wa Julai, na kila mkutano utakaofuata, mpaka aje mwenyewe aniambie inatosha.

Rosalba Apiyo